Mirija Niliyoanika kwa Mama Mkwe

Kama umepita Sotik ukasikia watu wakicheka habari ya msomi mmoja aliyewatoa wazee nyumbani kwao asubuhi, akawafikisha hadi Kericho kwa mashine ya baridi, kumbe anawapimia uchafu wa sufuria, usihangaike kuuliza huyo msomi ni nani. Ni mimi. Moraa, bibi ya Kibet, yule Mkisii aliyeolewa upande ule mwingine wa barabara ya mpakani. Juzi nimesikia hiyo hadithi ikisimuliwa nikiwa nimesimama hapo hapo kwa foleni ya kununua sukari, anayesimulia hanijui, na ameongeza chumvi hadi ati mashine ililipuka. Haikulipuka. Afadhali ingelipuka, ningepata pa kujificha.

Sasa wacha niwaambie vile ilienda, nyinyi mnaonijua, ndio mkicheka mcheke na ukweli.

Kazi yangu mimi ni fundi wa maabara kwa chuo kimoja pale Kericho (watu wa nyumbani huniita daktari na nimechoka kukataa), na kwa hiyo maabara tuna mashine moja ya kupima sumaku tuliyopewa na chuo cha ng'ambo ikiwa imeshatumika. Ukiiona haikutishi, ni kama pipa refu lenye mdomo juu, na kando kuna kompresa inahema mchana kutwa kama ng'ombe amelala. Lakini ndani yake kuna baridi ambayo hata Londiani mwezi wa saba ni jikoni ukilinganisha, na kwa hiyo baridi kuna koili za waya ambazo zimepoa hadi umeme unapita ndani bila kuzuiliwa na kitu chochote, hauchoki, unazunguka tu. Sasa ukiteremsha kitu chenye sumaku katikati ya hizo koili, hata kama ni sumaku kidogo ya kukuchekesha, ule umeme unashtuka, na kuna kipete kidogo sana kinaitwa skwidi ambacho kazi yake ni kusikia huo mshtuko na kuuandika kwa kompyuta. Hivyo tu. Mimi hiyo mashine naipenda, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu ukipenda kitu sana unataka watu wakuone nacho.

Baba mkwe wangu, Mzee Koech, ni fundi wa mitambo kwa kiwanda cha majani chai. Miaka yote anayokumbuka mume wangu, yeye ndiye amekuwa akinoa zile rola za chuma zenye meno zinazokata majani. Ni mtu wa maneno machache, anaweza kukaa na wewe kutoka chai ya saa nne hadi chakula cha mchana na akasema tu "ndiyo" na "ongeza maziwa", lakini ukimwambia rola fulani haikati vizuri anaamka kutoka kitandani. Basi mwaka huu kukatokea maneno. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo alirudisha chai akisema ina unga wa chuma. Na kweli, zile sumaku kubwa ambazo kiwanda huweka mwisho wa mstari kunasa vyuma zikaanza kutoka zikiwa zimejaa vumbi jeusi kuliko kawaida. Meneja wa uzalishaji akafikiri kidogo, akauliza nani ananoa rola, akaambiwa, akamsimamisha Mzee kazi mpaka kamati ya wakulima ikutane iamue.

Nyinyi hamjui hicho kitu kilimfanyia nini. Alikuwa amebakisha muda mfupi tu astaafu kwa heshima, kwa keki na hotuba, na sasa anaenda nyumbani kama mtu aliyewalisha wazungu chuma kwa uzembe. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha hata kupita karibu na sokoni. Mama Kibet, mama mkwe wangu, akaanza kumfuata kila mahali, hata akienda tu kuangalia ng'ombe anamfuata na kisingizio cha kuokota kuni, kwa sababu alisema mzee akiachwa peke yake anaongea na mikono yake.

Ndipo mimi nikafungua mdomo. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Baba, hiyo chai tunaweza kuipima. Mashine yetu haina mjomba wala haina adui." Mzee akaniangalia. Akasema, "Kama inaweza kusema ukweli, basi iseme." Nikaongea na mwenyekiti wa kamati, nikaongea na mkuu wangu wa idara, ikakubaliwa kwamba Jumamosi kamati yote itakuja Kericho na meneja, waone chai ikipimwa mbele ya macho yao, ndio pasiwe na mtu wa kusema imepikwa. Mwenyekiti angebeba pakiti mbili zilizofungwa na kutiwa sahihi, moja ni ya chai nzuri ya zamani ambayo haikuwa na malalamiko, na nyingine ni ile iliyorudishwa.

Ijumaa nikateremka Sotik kulala kwa wakwe ndio tusafiri nao asubuhi, maana Kibet mwenyewe alikuwa kazini kwa msitu huko Londiani na hakuna mtu wa kuwaleta. Njiani nikakumbuka mirija imeisha maabara. Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu watu hudhani nawadanganya: kwa mashine kama hiyo, pamoja na bei yake yote na ubaridi wake wote, kitu unachowekea sampuli ni mrija wa kawaida wa kunywea soda. Ule mweupe usio na rangi. Mafundi wa dunia nzima hufanya hivyo, kwa sababu mrija ni mwepesi, umenyooka, na sumaku yake ni kama hakuna. Nikanunua pakiti kwa duka pale mjini na muuzaji akaniuliza kama kuna harusi. Nikamwambia ni kesi. Akanirudishia chenji bila kuuliza lingine.

Asubuhi ya Jumamosi nikaamka mapema, nikaona hiyo mirija ina vumbi la dukani, nikaiosha kwa maji ya moto nikaianika pale nje kwa kichanja cha vyombo, imelala vizuri kwenye jua kama mboga za kukausha. Mpaka hapo mimi ni mtu mwenye akili. Ningeingia ndani nikanywa chai nikakaa, leo singekuwa na kitu cha kuwasimulia.

Lakini pale chini ya kichanja palikuwa na sufuria.

Si unajua zile sufuria kubwa za wakwe, zimepikiwa kwa kuni tangu ubatizo wa mtoto wa kwanza, nyuma ni nyeusi hadi hujui kama kulikuwa na chuma hapo mbeleni. Na mimi nilikuwa na kidonda changu. Kuna mama mmoja wa kanisa, jirani yao, nilimsikia na masikio yangu akimwambia mama mkwe ati "huyo wenu mikono yake ni ya kompyuta", na mama mkwe hakumjibu kitu (ndicho kiliniuma, kwamba hakumjibu). Mwaka mzima nimebeba hilo neno. Basi nilipoona hiyo sufuria, na nyumba bado iko kimya, nikajiambia leo ndiyo leo, mama mkwe akitoka atajiona uso kwa hii sufuria kama kwa kioo cha saluni. Nikachukua stilwaya, ile laini ya kijivu inayokatikakatika ukiibana, nikakunja mikono.

Nikasugua. Jamani nilisugua. Nilimsugua yule mama wa kanisa, nikamsugua meneja, nikasugua hadi mabega yakawaka moto. Kipande kimoja cha stilwaya kikaniingia kwa kidole gumba, nikafyonza damu nikaendelea. Na kila nikimaliza sufuria moja naisuuza, naikung'uta, naipandisha juu ya kichanja, pah, hapo juu kando ya mirija yangu. Mama Kibet alitoka akashika kiuno akaziangalia zikimetameta mstari mzima. Akasema, "Hii ni ya nani tena? Si yangu." Nikacheka kwa furaha. Akanishika bega, akaenda kumwamsha mzee. Nikakusanya mirija yangu mikavu, nikaitia kwa mfuko safi wa plastiki, na mkono ule ule.

Kufika Kericho tukapata kamati imefika, wazee na akina mama wa kutosha kujaza ile maabara, wamevaa za Jumapili. Meneja ako na tai. Mwenyekiti, mtu mkubwa mwenye sauti ya mkutano, akaweka zile pakiti mbili mezani kama anaweka Biblia. Mkuu wa idara alikuwa ameagiza soda, kila mgeni na chupa yake na mrija wake, na tulikuwa tumeelekeza picha ya kompyuta kwa ukuta ndio kila mtu aone grafu. Mzee Koech alikaa kiti cha nyuma kabisa, kofia kwa magoti, na Mama Kibet kando yake.

Nikaanza kueleza, na niliwaeleza vizuri, hilo siachi kulisema. Niliwaambia karibu kila kitu duniani kinajibu sumaku, hata maji, hata jani. Nikasema jani safi la chai halipendi sumaku, linajitoa kidogo kama mtu ambaye hataki kusalimiwa, kwa hivyo chai safi mstari wake utashuka chini ya sifuri. Lakini kukiwa na chuma, mstari utapanda. Mzee mmoja akauliza kama hata yeye akiingizwa humo atasomeka. Nikamwambia hatoshei. Wakacheka, nikahisi niko kwa kiti cha enzi.

Sasa sheria ya kwanza kabisa ya hiyo kazi, ambayo mimi mwenyewe ndiye huwafundisha wanafunzi na huwafokea wakiisahau, ni kwamba kabla hujapima kitu chochote unapima mrija mtupu. Unaangalia nyumba kabla ya kumwangalia mgeni. Lakini mwenyekiti alishaangalia saa yake, meneja akapiga miayo, na mimi nikaona aibu kuwaonyesha watu wazima mrija ambao hauna kitu ndani. Nikasema tuingie moja kwa moja. Nikatia ile chai iliyorudishwa kwa mrija, nikaufunga kwa ile fimbo ndefu ya kuteremshia sampuli, nikauteremsha kwa mdomo wa mashine.

Mstari ukatulia kidogo. Halafu ukapanda. Haukupanda kama mtu anapanda mlima, ulitoka tu ukaenda, ukatoboa juu ya ukuta pale picha inapoishia, kompyuta ikabadilisha vipimo yenyewe, ukatoboa tena.

Kompresa ikaendelea kuhema.

"Si niliwaambia," meneja akasema, si kwa ubaya hata, kwa sauti ya mtu amechoka kutoaminiwa. Mama mmoja wa kamati akasema, "Hiyo si chai, hiyo ni misumari." Na mimi nimesimama hapo na fimbo, naangalia ule mstari kama nimeuzaa.

Halafu nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Mzee Koech alikuwa amesimama. Ameshika kofia kwa mikono yote miwili, na akaongea kwa ile sauti yake ya chini hadi watu wakageuza shingo. "Mimi niliomba iseme ukweli," akasema. "Sasa imesema. Labda macho yangu yamezeeka na sikujua. Naomba msamaha kwa wakulima." Mama Kibet akavuta leso akafunika mdomo.

Nawaambia, nimeaibika mara nyingi maishani na nitaaibika tena, lakini hakuna kitu kimewahi kunikata kama kumsikia huyo mzee akiomba msamaha, na ni mimi nimemleta hapo. Mimi na domo langu la mashine haina mjomba.

Nikasema, "Baba, ngoja, bado ile nyingine." Nikaweka ile chai nzuri, ile ambayo kila mtu alikubali ni safi. Mstari ukapanda. Ukapanda kuliko wa kwanza. Hapo watu wakaanza kuulizana, meneja akasema basi hata ile ya zamani alikuwa ameiharibu, mwenyekiti akasema hapana, ile alikunywa yeye mwenyewe nyumbani na hajatapika chuma. Kelele ikaanza. Na mimi nikashika fimbo kuitoa, nikaibana kwa kidole gumba, na kidole kikaniuma.

Kiliniuma pale pale. Penye kipande cha stilwaya.

Nikaangalia kidole. Nikaangalia mirija. Nikaona, kwa jicho tu, bila skwidi, bila koili, nikiinua mrija kwa mwanga wa dirisha, vijinywele vya chuma vidogo vidogo vikimetameta kwenye plastiki. Nikachukua mrija mtupu kabisa, ambao haujawahi kuona chai, nikauteremsha. Mstari ukapanda hadi dari.

Sasa mniambie kweli, nyinyi mngefanya nini? Shetani alikuja hapo hapo, sitawaficha, akaniambia sema ni umeme. Sema mashine imepata hitilafu, stima ilipungua, wataamini, hakuna anayejua. Na ni kweli wangeamini. Lakini wangeenda nyumbani na ule mstari kichwani, na mzee wangu ameshaomba msamaha mbele ya watu, na msamaha ukiombwa haurudishwi mfukoni. Nikaangalia kile kiti cha nyuma.

"Jamani," nikasema. "Hiyo si chai. Hiyo ni sufuria."

Mwenyekiti akasema, "Sufuria gani?"

"Ya mama mkwe."

Nikawaeleza. Yote, kutoka kichanja hadi stilwaya, hadi vile nilitaka kuonekana najua kuosha. Nikatoa kile kisumaku kinachoshika karatasi kwa ubao wetu, nikakipitisha karibu na mrija, na vile vijinywele vikasimama vyote vikaruka vikashika sumaku, kila mtu anaona. Mkuu wangu wa idara alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha mwenyekiti akaweka chupa ya soda chini polepole.

"Daktari," akasema, "kwa hivyo umetutoa Sotik asubuhi yote, na tai ya meneja, tuje tupime sufuria ya mama mkwe wako?"

Maabara ikalipuka. (Labda hapo ndipo yule wa foleni ya sukari alitoa mlipuko wake.) Walicheka hadi mzee mmoja akatoka nje kwa sababu ya kifua. Yule mama wa misumari akalala juu ya meza. Nilicheka pia, na machozi yakinitoka, na sikujua ni ya gani. Na katikati ya hiyo kelele nikasikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu maneno ya kiwanda yaanze, kizito, kama gari kuukuu linalokataa kuwaka halafu linawaka. Mzee Koech alikuwa amekaa tena, kofia imeanguka, anapangusa macho. Akamwambia Mama Kibet, "Lakini ziling'aa kweli."

Mkuu wa idara alisema tuahirishe. Mwenyekiti akakataa, akasema yeye harudi Sotik na mkono mtupu, akachomoa mrija kwa soda yake akaninyooshea. "Huu ni safi. Nimeunyonya mimi mwenyewe." Nikamshukuru, nikachukua ile mirija mingine ya soda ambayo haikuwa imefunguliwa. Nikanawa mikono hadi viwiko, nikavaa glavu, nikawaambia safari hii tunaanza na mrija mtupu na mtu asiangalie saa. Mstari ukatoka ukashuka kidogo chini ya sifuri, ukalala. Watu wakapigia makofi mrija ambao hauna kitu. Chai nzuri, ukashuka ukalala. Halafu nikaweka ile iliyorudishwa.

Ukapanda. Si kama wa kwanza, hapana, ni kidogo, lakini ulipanda, na sikutaka kuuficha. Nikasema, "Hii kweli ina kitu." Mzee akainamisha kichwa. Nikasema, "Baba, usisimame. Bado hatujauliza ni kitu gani."

Kwa sababu huo ndio uzuri wa hiyo mashine, na hapo ndipo nilijua kwa nini naipenda. Haikuambii tu kama kuna sumaku, unaweza kupoza sampuli polepole ukaangalia sumaku yake inabadilika vipi, na kila kitu kina tabia yake kwenye baridi. Mzee alikuwa amebeba kwa karatasi, kama ushahidi wake, unga wa rola aliyoinoa kwa mikono yake, nikaupima. Nikachota udongo mwekundu pale nje ya maabara, nikaupima. Ilichukua muda, soda zikaanza kuisha, watu wakatoka wakaota jua wakarudi. Chuma cha rola kilipopozwa kilibadilika taratibu tu, mstari laini. Udongo ulifika kwa baridi fulani ukaruka ghafla, kama mtu amekanyaga moto. Na chai iliyorudishwa ilipofika hapo hapo, ikaruka.

Niliweka mistari yote mitatu pamoja kwa ukuta, nikarudi nyuma.

Ni meneja aliyeongea, na namheshimu mpaka leo kwa hilo. "Hiyo ni udongo," akasema. "Hiyo haitoki kwa rola." Akafikiri. "Udongo unaingia wapi?" Na hapo watu wakaanza kuangaliana, kwa sababu kila mkulima hapo ndani alijua banda la kukusanyia majani lilianguka na upepo, na tangu lianguke majani yamekuwa yakimwagwa chini kando ya barabara ambayo inalimwa na matingatinga, na aliyepaswa kulitengeneza banda ni kamati. Mwenyekiti alichukua soda yake akainywa bila mrija. Alipomaliza akaenda hadi kiti cha nyuma, akampa Mzee Koech mkono, akasema, "Sisi ndio tunakuomba msamaha." Mzee akasema, "Ndiyo." Basi, ndiyo tu, mnamjua. Lakini aliushika ule mkono muda mrefu.

Jumatatu alirudi kazini. Banda likasimamishwa. Na mimi nikawa hadithi, kwa soko, kwa kanisa, kwa chuo ambapo wanafunzi sasa wakiniona nabeba mrija wanauliza nimepika nini. Yule mama wa mikono ya kompyuta alinisalimia juzi akaniambia ana sufuria zake kama nina nafasi, na mama mkwe akamjibu, safari hii akamjibu, "Huyu ni wangu. Tafuta wako." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo.

Nimeapa mambo mawili. Moja, sitawahi tena kupima kitu kabla sijapima mrija mtupu, hata kama anayengoja ni rais. La pili niliapa kutogusa stilwaya maisha yangu yote, lakini hilo lilikufa mara ya kwanza niliporudi kwa wakwe. Nilikuta Mzee Koech amefungua redio yake mbovu, akatoa ile sumaku ya spika, akaifunga kwa waya pale kwa kichanja cha vyombo, usawa wa mkono wangu. Hakueleza. Mama Kibet ndiye aliyenipa stilwaya, akaniambia mzee amesema sasa naweza kusugua bila wasiwasi. Kila nikienda huwa naikuta ile sumaku imeota ndevu za chuma. Naipangusa kwanza, ndio naanza sufuria.